Nani Aliyekiagiza Kicheko?

Bert Williams alizaliwa Nassau, katika visiwa vya Bahamas, mwaka 1874, akahamia Marekani na wazazi wake angali mtoto, na alipopevuka akawa mchekeshaji wa jukwaani ambaye sifa zake zilivuka bahari ya Atlantiki zikafika London; lakini jioni baada ya jioni, kabla ya kuwatokea watazamaji, bwana huyu ambaye alikuwa Mweusi kwa nasaba, na ambaye ngozi yake ilikuwa ya maji ya kunde, alikaa mbele ya kioo akajipaka masizi ya kizibo kilichochomwa hata uso wake ukawa mweusi ti, akaichora midomo ikaonekana minene kuliko alivyoumbwa, akavaa wigi la nywele za kipilipili, ndipo akawa tayari kwa kazi. Watazamaji wake walikuwa wamekwisha kuzoea Mweusi wa namna moja tu, na Mweusi huyo hakupata kuzaliwa na mama yeyote. Alibuniwa na Wazungu, akavishwa na Wazungu, na kwa muda mrefu akaigizwa na Wazungu peke yao.

Ubunifu huo una tarehe yake. Kiasi cha mwaka 1830 mwigizaji wa Kizungu aitwaye Thomas Dartmouth Rice alianza kuzunguka miji ya Marekani akiwa amejipaka masizi, akicheza kwa kuchechemea na kuimba kwa lafudhi aliyodai kuwa ni ya mtumwa, na mhusika wake akampa jina la Jim Crow, jina ambalo baadaye lilikuja kuwa lakabu ya sheria zote zilizowatenga Weusi na Wazungu katika majimbo ya Kusini. Mwaka 1843 kundi la Wazungu wanne lililojiita Virginia Minstrels lilifanya onyesho zima la namna hiyo mjini New York, na tangu hapo haukupatikana mji wa Marekani usiokuwa na michezo hiyo. Weusi waliporuhusiwa kupanda jukwaani kwa wingi, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1865, walikuta nafasi yao imekwisha kupangwa, na aliyetaka riziki ya sanaa ilimlazimu kuwaiga wale waliokuwa wakimwiga. Iko filamu ambayo Williams aliigiza mwaka 1913, ikaachwa bila ya kumalizwa, ikahifadhiwa katika hazina ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mjini New York, na takriban miaka 100 ikapita kabla ya kuonyeshwa hadharani mwaka 2014. Ndani yake waigizaji Weusi wanaomzunguka wana nyuso zao wenyewe, wanacheza, wanapendana, wanapanda farasi wa mbao wanaozunguka kwenye uwanja wa starehe. Williams peke yake ndiye aliyejipaka masizi, kana kwamba masizi yake yalikuwa kodi iliyolipwa ili wenziwe wapite.

Nimeanza na habari za marehemu huyu kwa sababu ndani yake mna swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalopasa kuulizwa kila tunapoonyeshwa kejeli juu ya watu Weusi, iwe katika sinema au katika televisheni. Watu wengi huuliza kama mtunzi alikuwa na nia njema, au kama mwigizaji mwenyewe ni Mweusi, au kama watu walicheka. Maswali hayo yana haki yake, lakini hayafiki kwenye shina la jambo. Yafaa tuulize ni nani aliyeiagiza barakoa ile, na kama mchezo una ujasiri wa kutuonyesha uso wake; maana tashtiti inayoionyesha barakoa peke yake, hata ikitungwa na mtu mwadilifu kwa muradi wa kuipinga, mwishowe humburudisha yule yule aliyeinunua.

Mfano mmoja ulifika hata mlangoni petu. Mchezo wa Amos 'n' Andy ulianza redioni mjini Chicago mwaka 1928, ukatungwa na kusemwa na Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, ambao waligeuza sauti zao wakajifanya Weusi waliotoka Kusini kwenda kutafuta maisha mjini: Amos aliye mnyofu na mwenye bidii, Andy aliye mvivu na mwenye kujiona mjuzi, na rafiki yao Kingfish ambaye daima ana hila mpya ya kula fedha za wenziwe. Mamilioni ya Wamarekani waliusikiliza usiku baada ya usiku, hata baadhi ya wenye majumba ya sinema wakawa wanasimamisha filamu kwa robo saa ili wateja wao wausikie humo humo ukumbini. Ulipohamia televisheni ya CBS mwaka 1951 zilihitajika nyuso pamoja na sauti, nao Gosden na Correll wakakaa nyuma ya kamera wakaajiri waigizaji Weusi. Sehemu ya Andy alipewa Spencer Williams, ambaye hakuwa mgeni katika fani, kwani alikwisha kuongoza filamu zake mwenyewe kwa ajili ya watazamaji Weusi, mojawapo The Blood of Jesus ya mwaka 1941. Imesimuliwa kwamba Gosden alitaka kumfundisha mtu huyu namna Mweusi anavyosema, na kwamba Williams alimjibu kuwa yeye, aliyekuwa Mweusi maisha yake yote, bila shaka alilijua jambo hilo zaidi.

Ustadi wa waigizaji wale siutilii shaka, wala siwalaumu kwa kutafuta riziki mahali palipokuwa na mlango mmoja tu. Hattie McDaniel, binti wa mtu aliyezaliwa utumwani, ndiye Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, kwa sehemu ya yaya katika Gone with the Wind, na usiku wa kukabidhiwa tuzo hiyo mwaka 1940 aliketishwa kwenye meza ya kando, mbali na wenzake wa filamu ile ile. Mwenye kuwahukumu watu hao bila ya kuitazama meza ile hana insafu. Chama cha NAACP, kilichoanzishwa mwaka 1909 kutetea haki za Weusi, kiliushutumu mchezo wa Amos 'n' Andy tangu ulipotokea katika televisheni, kwa hoja ambayo hata leo sijaona jibu lake: katika chombo ambacho Mweusi haonekani kabisa isipokuwa hapo, kila laghai na kila mpumbavu wa mchezo huo hugeuka kuwa shahidi dhidi ya umma mzima. Mwaka 1953 CBS iliacha kutengeneza vipindi vipya, lakini vile vya zamani iliendelea kuviuza kwa vituo vidogo vidogo, na kwa nchi za nje.

Mwaka 1963, ndio mwaka Kenya ilipopata uhuru, CBS ilitangaza kwamba imeuza mchezo huo Kenya na Nigeria ya Magharibi. Tafakari, msomaji wangu: watu ambao ndiyo kwanza wanajitoa katika kongwa la ukoloni, televisheni yao bado changa, wanaletewa kutoka ng'ambo picha ya mtu Mweusi iliyochorwa na Wazungu wawili wa Chicago, wapate kujitazama humo. Haukupita muda mrefu afisa wa serikali ya Kenya akatangaza kwamba mchezo huo hautaruhusiwa nchini. Habari hiyo iliyaamsha upya malalamiko ya Marekani kwenyewe, na mwaka 1966 CBS iliuondoa mchezo wake sokoni. Naona fahari kulikumbuka jambo hili, kwa sababu mara chache sana historia ya sinema husimuliwa kwa namna inayokiri kwamba neno lililosemwa Nairobi lilikuwa na uzito New York.

Aliyekuwa waziri mkuu wa Kenya mwaka ule wa 1963, Mzee Jomo Kenyatta, aliijua biashara hiyo kwa ndani. Alipokuwa mwanafunzi London, mwenye dhiki ya fedha, alipata vibarua vya kuonekana miongoni mwa umati wa Waafrika katika filamu ya Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935, ambamo afisa mmoja wa Kiingereza anatawala maelfu ya Waafrika kama baba anavyotawala watoto watundu. Nyota wa filamu ile alikuwa Paul Robeson, mwimbaji na msomi wa Kimarekani ambaye wakati huo alikuwa akijifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, katika chuo cha lugha za Mashariki mjini London, na ambaye aliikubali kazi hiyo akiamini kwamba utamaduni wa Kiafrika utaonyeshwa kwa heshima yake. Filamu ilipokamilika ilikuwa sifa tupu za ukoloni, na Robeson akaikana hadharani. Msomi aliyekuwa akijifunza lugha yetu na mwanafunzi ambaye angekuja kuiongoza Kenya walisimama mbele ya kamera moja, wakiwa wamevaa ngozi za wanyama, kwa ujira wa tajiri mmoja. Wala hakuna hata mmoja wao aliyeweza, kwa akili na elimu yake yote, kuigeuza picha ile kutoka ndani, kwa maana aliyekuwa na mkasi wa kukata filamu hakuwa yeye.

Mkasi huo ulianza kubadili mikono taratibu sana. Oscar Micheaux, mwongozaji Mweusi, alikwisha kutengeneza filamu zake tangu mwaka 1919, akitafuta fedha mwenyewe na kuzipeleka filamu mwenyewe kwa wenye majumba ya sinema, naye anastahili makala yake peke yake. Lakini kwa upande wa kejeli niizungumziayo, mtu aliyeufungua mlango ni mwigizaji Mweusi Robert Townsend kwa filamu yake ya Hollywood Shuffle ya mwaka 1987, ambayo aliigharimia kwa akiba zake na kwa kadi zake za mikopo, jumla ikawa kiasi cha dola 100,000, fedha ambazo katika mji ule ni chache mno. Humo mna kijana, Bobby Taylor, anayeuza vyakula mchana huku akitafuta kazi ya uigizaji, na kila anakokwenda kujaribiwa anaambiwa na Wazungu waliokaa nyuma ya meza kwamba hana Weusi wa kutosha. Kipande chake mashuhuri ni cha shule ya uigizaji ambamo walimu wa Kizungu wanawafundisha waigizaji Weusi, baadhi yao wenye elimu ya michezo ya Shakespeare, namna ya kutembea kama wahuni na namna ya kulia kama watumwa. Mwenye kukumbuka kisa cha Spencer Williams na Gosden atatambua kwamba Townsend hakutia chumvi kubwa. Alichofanya ni kuigeuza kamera ikaitazama ile meza, na wanaoketi nyuma yake, na karatasi wanazozisoma. Na hapo, ndani ya ofisi ya kuchagulia waigizaji, ndipo kicheko kilipompata mwenyewe.

Spike Lee aliifuata njia hiyo hata mwisho wake wenye uchungu. Filamu yake ya Bamboozled, ya mwaka 2000, inamhusu Pierre Delacroix, mtunzi Mweusi pekee katika kituo cha televisheni, ambaye kwa kuchoshwa na dharau za mkuu wake anabuni mchezo wa kuudhi kupita kiasi, wa watu Weusi waliojipaka masizi wanaocheza katika shamba la matikiti, akitumaini kwamba atafukuzwa kazi na dunia itaaibika. Dunia haiaibiki, mchezo unapendwa kuliko yote. Mkuu wake, Mzungu aitwaye Dunwitty, amejaza ofisini picha za wanamichezo Weusi na vinyago vya Kiafrika, ameoa mke Mweusi, na anamwambia Delacroix waziwazi kwamba yeye ni Mweusi kuliko Delacroix. Nimeona wahakiki wakimtaja Dunwitty kuwa ametiwa chumvi mno, nami siafikiani nao, kwa sababu ndani ya mtu huyo Lee amemkusanya mnunuzi mzima, yule anayedai kwamba anawapenda mno watu hawa hata amekwisha kupata haki ya kuwaamuru wajichekeshe.

Viko vipande viwili vya filamu hiyo ambavyo ningependa msomaji avitazame kwa makini. Cha kwanza ni chumba cha kuvalia, ambamo waigizaji wawili waliookotwa barabarani, mmoja mcheza dansi wa ajabu na mwenziwe, wanajitayarisha. Tunaonyeshwa kazi yenyewe hatua kwa hatua: vizibo vinamwagiwa spiriti na kuwashwa moto, vikishaungua vinapondwa vikawa unga, unga unachanganywa na maji ukawa uji mzito mweusi, siagi ya kakao inapakwa kwanza ili ngozi isiungue, kisha uji ule, kisha rangi nyekundu midomoni. Hakuna utani katika kipande hicho, na machozi yanayomtoka mwigizaji yanachora mstari katika masizi. Cha pili ni usiku wa kurekodi kipindi cha kwanza, mbele ya watazamaji. Nyuso zilizopakwa masizi zinapotokea kunakuwa kimya, na Wazungu waliokaa ukumbini wanageuka kuwatazama Weusi waliokaa karibu nao, kuona kama wao wanacheka, wapate ruhusa. Mweusi mmoja anacheka, na ukumbi mzima unafuata. Katika muda wa kufumba na kufumbua Lee ametufunulia jinsi ruhusa inavyotafutwa na inavyotolewa, na siijui filamu nyingine iliyoyaonyesha hayo kwa usahihi kama huo.

Filamu hiyo ina kasoro zake. Ni ndefu, wahusika wake wa kundi la muziki wa rapu, wanaojiita Mau Mau, wameachwa bila kina, na kwa msomaji wa Kenya ni jambo la kusikitisha kuona jina lililobebwa msituni kwa damu likitumiwa kwa vijana wasiojua wanachokipigania, ingawa nadhani kukosa kwao ujuzi huo ndiko alikotaka Lee kukuonyesha. Sinema za Marekani hazikuikaribisha, wala haikurudisha hata nusu ya dola milioni 10 zilizoigharimu. Lakini dakika zake za mwisho, ambamo Lee amevipanga kwa mfululizo vipande halisi vya filamu za zamani, tangu The Birth of a Nation ya mwaka 1915 hadi nyota wa Kizungu Al Jolson na Judy Garland waliojipaka masizi, zinaondoa kila udhuru. Kwa maana vitu tulivyodhani kuwa ni mzaha wa kupita kiasi vinathibitika kuwa vilikuwa bidhaa za kawaida za makampuni makubwa yenye heshima.

Miaka michache baadaye, yaliyobuniwa katika filamu yakampata mtu wa kweli. Mchekeshaji Mweusi Dave Chappelle alikuwa na kipindi chake cha televisheni tangu mwaka 2003, chenye kejeli kali juu ya rangi, na kampuni iliyokirusha hewani ikamwahidi dola milioni 50 aendelee. Mwaka 2005 aliacha kazi katikati ya msimu akaenda Afrika Kusini. Baadaye alieleza kwamba alikuwa akirekodi kipande ambamo yeye mwenyewe amejipaka masizi, akiwa pepo mdogo anayemshawishi Mweusi ajidhalilishe, na mtu mmoja wa Kizungu pale studioni akacheka kicheko kirefu ambacho Chappelle hakukipenda. Alihisi kwamba mtu yule hakuwa akicheka pamoja naye. Wengi walimwona mwendawazimu kwa kuziacha fedha hizo. Mimi namwona kuwa ni miongoni mwa wachekeshaji wachache waliokisikiliza kicheko walichokisababisha, wakakipima, na walipokiona ni cha bidhaa isiyokuwa yao wakakataa kuiuza.

Namna ya kulitatua tatizo hilo ilikuja kwa Jordan Peele, mchekeshaji naye, katika filamu yake ya Get Out ya mwaka 2017. Peele aliiondoa barakoa kabisa. Kijana wake, Chris, ni mpiga picha mtulivu, mwenye adabu, wala hafanyi jambo lolote la kuchekesha. Wanaochekesha, na baadaye kutisha, ni Wazungu waungwana wanaomkaribisha bustanini. Mmoja anamzungumzia habari za mcheza gofu Mweusi, mwingine anamshikashika mkono kupima misuli yake, baba wa nyumba anajitapa kwamba angalimchagua Obama mara ya tatu kama ingaliruhusiwa. Kisha tunaonyeshwa mnada, uliofanywa kimya kimya, kwa kadi za mchezo wa bingo, mbele ya picha ya Chris. Hapo mnunuzi hajifichi tena katika ofisi wala nyuma ya meza. Amesimama juani, ameshika kadi yake, na bei yake inaonekana.

Nasi tunaosema Kiswahili tuna kiti chetu katika filamu hiyo. Anayeigiza Chris, Daniel Kaluuya, alizaliwa London kwa wazazi wa Kiganda. Na wimbo unaosikika mwanzoni mwa filamu, uliotungwa na Michael Abels, unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, na maneno yake ya Kiswahili ni onyo la mababu kwa kijana huyo kwamba mbele yake kuna hatari. Watazamaji wa Marekani waliusikia kama sauti ya kuogofya tu isiyokuwa na maana. Mtazamaji wa Mombasa au wa Tanga alikwisha kuonywa kabla ya Chris kuondoka mjini. Mwaka 2018 Peele alipata tuzo ya Oscar ya mswada asilia, Mweusi wa kwanza kuipata, na filamu iliyogharimu chini ya dola milioni 5 ilikuwa imekwisha kuingiza zaidi ya dola milioni 250. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba kumwonyesha mnunuzi uso wake hakulipi.

Neno langu la mwisho ni kwa watunzi wetu vijana wa Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar na Kampala, ambao siku hizi miswada yao inapokewa na makampuni ya ng'ambo. Mtakutana na mtu mwungwana, mwenye kuipenda Afrika, atakayewaambia kwamba mhusika wenu daktari hana Uafrika wa kutosha, na kwamba kijiji kingefaa kuliko jiji, na vumbi kuliko lami. Msigombane naye, wala msimtii. Rudini nyumbani mwandike mchezo juu ya kikao hicho hicho, na huyo bwana mmwandike kama alivyo, maneno yake, tabasamu lake, picha zilizotundikwa ukutani mwake, na kiasi cha fedha alichowatajia.